Kila mtu anafanya kazi, mradi hausogei: tunajibu maswali ya wasomaji

Barua za safari hii zimetoka kwa watu walio katikati ya kazi: kamati ya maji, mhazini, mtengeneza programu, chama cha kina mama, kamati za ujenzi. Fedha zipo, watu wapo, na bado mradi unakwama. Tumejibu kwa hesabu kila ilipowezekana, tena kwa namba nyepesi ili msomaji azifuate kwa kalamu na karatasi. Namba hizo ni za mfano. Weka za kwako.

Tuanze mnara wa tanki au tusubiri kisima?

*Mimi ni katibu wa kamati ya maji ya kijiji mkoani Singida. Tuna mradi wa kisima kirefu, tanki la lita 10,000, bomba na vituo vinne vya kuchotea maji. Wananchi wako tayari kujitolea kuchimba mtaro, mafundi wa mnara wameshapatikana, na kila mtu anataka tuanze kesho. Mtaalamu wa wilaya anatuambia tusubiri. Tukiwasubirisha watu watakata tamaa. Tuanzie wapi, na tutajuaje mradi utachukua siku ngapi?*

Ndugu katibu, kabla ya kutangaza tarehe yoyote, andikeni kazi zote. Kwa kila kazi wekeni siku zake, kisha andikeni ni kazi gani lazima iishe ndipo hiyo ianze. Wengi huandika kazi na siku, wakaacha hicho kipengele cha tatu. Bila hicho mna orodha ya kazi, ratiba bado. Kwa mradi kama wenu inaweza kuwa hivi:

- Utafiti wa maji chini ya ardhi: siku 10.
- Kibali kutoka bodi ya maji ya bonde: siku 30, baada ya utafiti.
- Kuchimba kisima, kukisafisha na kupima wingi wa maji: siku 12, baada ya kibali.
- Kupima ubora wa maji maabara: siku 14, baada ya kisima.
- Kuagiza pampu na paneli za sola hadi zifike: siku 35, baada ya kisima.
- Kufunga pampu: siku 6, baada ya pampu kufika na majibu ya maabara kutoka.
- Mnara wa tanki, pamoja na siku za kumwagilia zege: siku 40, baada ya utafiti.
- Kupandisha tanki na kuliunganisha: siku 3, baada ya mnara.
- Mtaro na kulaza bomba: siku 25, baada ya utafiti.
- Vituo vinne: siku 15, baada ya bomba.
- Majaribio na makabidhiano: siku 5, baada ya kila kitu.

Msishangae pampu kuagizwa baada ya kisima. Pampu huchaguliwa kwa wingi wa maji yaliyopatikana na kina ambacho maji hushukia wakati wa kuvutwa. Ukifunga pampu ya lita 5,000 kwa saa kwenye kisima kinachotoa lita 2,000, maji yataishia chini yake, itazunguka bila maji na kuungua.

Sasa jumlisheni kila mnyororo wa kazi zinazofuatana. Wa pampu ni 10 + 30 + 12 + 35 + 6 + 5, yaani siku 98. Wa mnara ni 10 + 40 + 3 + 5, siku 58. Wa bomba ni 10 + 25 + 15 + 5, siku 55. Basi mradi wenu ni wa siku 98, hata mnara ukisimama mwezi wa pili. Mnyororo mrefu kuliko yote ndio unaopanga tarehe ya kumaliza, na siku moja ikipotea humo makabidhiano nayo yanasogea siku moja. Mnara una siku 40 za nafasi, yaani unaweza kuchelewa kiasi hicho bila kusogeza makabidhiano; bomba lina 43, na maabara 21. Hesabu hii ilibuniwa Marekani kuanzia mwaka 1957, kampuni ya DuPont ikishirikiana na Remington Rand, kwa ajili ya ujenzi na matengenezo ya viwanda vya kemikali. Kwa kisima cha kijiji inafanya kazi vilevile, wala haihitaji kompyuta.

Angalieni jambo moja linalowapoteza viongozi wengi. Kazi zinazoonekana na kupigwa picha, yaani mtaro, mnara na zege, hazimo kabisa katika mnyororo mrefu. Humo kuna kibali kilicho mezani kwa mtu na pampu iliyo njiani. Kijiji kizima kinaweza kutoka jasho mwezi mzima huku mradi ukiwa umesimama, kwa sababu fomu ya kibali ilirudishwa kwa kukosa kiambatisho na hakuna aliyefuatilia.

Mtaalamu wenu ana hoja. Mkianza mnara mara baada ya utafiti, kisha kisima kikatoka kikavu, mtabaki na mnara wa zege usio na maji, na fedha ya kuchimba kwingine imeshaliwa na nondo na saruji. Je, kusubiri kisima kunagharimu siku ngapi? Hesabuni: utafiti, kibali na kisima ni siku 52. Ongeza mnara 40, tanki 3, majaribio 5: siku 100. Mnapoteza siku 2 tu na kukwepa hasara kubwa kuliko zote. Bomba na vituo vikianza baada ya kisima vinafika siku ya 97, kwa hiyo haviongezi kitu. Na kwa kuwa Singida ni miongoni mwa mikoa yenye tatizo la floraidi, siku ya kupima wingi wa maji mwombeni mtaalamu apime chumvi na floraidi papo hapo kwa vifaa vya mkononi. Majibu kamili ya maabara yatafuata, ila hamtamwaga zege gizani.

Hata hizo siku 2 mnaweza kuzirudisha, na hapa ndipo wananchi wenu wanapopata kazi. Wakati kibali kinasubiriwa, wasombe mchanga, mawe na kokoto, nao mafundi wakate na kukunja nondo. Vitu hivyo havipotei hata kisima kikihamishwa mita 300. Ikiwa maandalizi hayo yanachukua siku 8 kati ya zile 40 za mnara, mnara unabaki siku 32, mnyororo wake unakuwa siku 92, na mradi unarudi kwenye 98. Baada ya hapo punguzeni siku za pampu: ombeni bei kwa wauzaji watatu mapema, wapeni taarifa zote zilizopo, ibaki ukubwa wa pampu tu. Kila mkipunguza mnyororo mmoja rudieni hesabu, maana mwingine unaweza kuwa ndio mrefu sasa. Kuongeza vibarua kwenye mtaro ili uishe kwa siku 12 badala ya 25 hakutawapa maji hata siku moja mapema.

Tumeokoa milioni 1.6, au tumezidisha?

*Ni mhazini wa shirika dogo Dodoma. Tunatengeneza madawati 400 ya shule kwa shilingi 80,000 kila moja, jumla milioni 32, kwa wiki 8. Wiki ya nne imeisha na tumetumia milioni 14.4. Meneja ameandaa taarifa kwa mfadhili kwamba tuko ndani ya bajeti na tumeokoa milioni 1.6. Madawati yaliyokamilika ni 150. Nahisi kuna kitu hakijakaa sawa, ila nashindwa kukieleza.*

Ndugu mhazini, umehisi sawasawa, na taarifa hiyo isitoke kama ilivyo. Meneja amelinganisha namba mbili: fedha iliyopangwa kutumika hadi sasa na fedha iliyotumika. Inahitajika ya tatu, ambayo ni thamani ya kazi iliyokwisha kwa bei ya bajeti.

Kufikia wiki ya nne mpango ulitaka madawati 200, yaani milioni 16. Yaliyokamilika ni 150, na 150 mara 80,000 ni milioni 12. Mmelipa milioni 14.4 kupata kazi ya milioni 12. Mmezidisha milioni 2.4, tena mko nyuma kwa madawati 50. Ile 1.6 inayoitwa akiba ni fedha ya kazi ambayo haijafanyika.

Endelea mbele kidogo. Milioni 14.4 kugawa kwa 150 ni shilingi 96,000 kwa dawati. Mwendo usipobadilika, madawati 400 yatagharimu milioni 38.4, yaani mtapungukiwa milioni 6.4. Kwa muda, 150 kati ya 200 ni robo tatu ya kasi iliyopangwa, kwa hiyo wiki 8 zitakuwa karibu 11. Ni heri mfadhili alisikie hili wiki ya nne, bado kuna la kufanya, kuliko wiki ya nane.

Lakini kabla hujampelekea meneja hesabu hii, hakiki mambo mawili, kwa sababu hapo ndipo huharibika. La kwanza ni stoo. Ikiwa milioni 14.4 imenunua mbao za madawati 250 na za madawati 100 bado zimelala stoo, hizo si gharama ya yale 150. Zihesabu, zitoe kwanza, ndipo ugawanye. La pili ni madawati ambayo hayajaisha. Fundi atakwambia yapo 60 "karibu yanaisha". Chagueni kanuni moja tangu mwanzo na msiibadilishe: dawati lililokaguliwa na kupokelewa ni moja, lisilokaguliwa ni sifuri. Kanuni hiyo ni kali, ila kwa kazi ya vipande vingi vidogo haipotoshi sana, na inazuia ile hali ambayo kazi hukaa kwenye asilimia 90 kwa wiki tano mfululizo.

Baada ya hapo tafuteni sababu. Katika useremala angalieni kwanza mbao mbichi. Hupinda zikikauka, viungo vinaachia, mkaguzi anakataa, na dawati moja linalipiwa ufundi mara mbili. Angalieni pia kama fundi analipwa kwa siku wakati bajeti ilipangwa kwa dawati, na kama bei ya mbao imepanda tangu bajeti ilipoandikwa. Kila sababu ina dawa yake, na hakuna hata moja inayotibiwa kwa kumwambia fundi aongeze bidii.

"Ni kitu kidogo tu"

*Natengeneza programu, niko Moshi. Nilikubaliana na SACCOS moja kuwatengenezea mfumo wa kumbukumbu za wanachama kwa milioni 6, miezi mitatu. Huu ni mwezi wa tano. Wameongeza ujumbe wa simu kwa wanachama, mikopo ya dharura na ripoti ya mkaguzi. Kila wakiomba wanasema ni kitu kidogo tu. Sitaki kuwaudhi, ila kwa sasa nafanya kazi kwa hasara. Nifanyeje?*

Dada au kaka, kwa maelezo yako inaonekana mlikubaliana jina la kazi bila kukubaliana mipaka yake. "Mfumo wa kumbukumbu za wanachama" kwako ni kusajili na kutunza akiba, kwa mwenyekiti wao ni kila kitu kinachomhusu mwanachama. Wote wawili mnasema kweli.

Mradi umeshikwa na vitu vitatu vinavyovutana: kazi iliyokubaliwa, muda na fedha. Kimoja kikiongezwa, kingine lazima kiguswe. Vikikatazwa vyote kuguswa, kinachopungua ni ubora, na hupungua kimyakimya. Majaribio yanarukwa, nakala za akiba za data hazipangwi, na kasoro zinagunduliwa na wanachama siku ya gawio.

Kwa leo, simamisha nyongeza mpya na uombe kikao kimoja. Kabla ya kikao andaa karatasi yenye safu tatu: yaliyokubaliwa mwanzo, yaliyoongezwa na kukamilika, yaliyoongezwa na kubaki. Kila nyongeza iandike na siku ilizokula na tarehe iliyoombwa. Usiende na lawama, nenda na karatasi hiyo, kisha wape njia mbili au tatu wachague. Kwa mfano, wapokee sasa yaliyo tayari na yaliyobaki yawe mkataba wa awamu ya pili, au waongeze fedha na wiki sita, au waondoe ripoti ya mkaguzi ili ujumbe wa simu uingie. Mteja aliyepewa machaguo huamua. Aliyepewa manung'uniko atajitetea.

Kwa kazi zijazo, andika ukurasa mmoja wa mipaka kabla hujapokea malipo ya kwanza. Sehemu inayookoa zaidi katika ukurasa huo ni orodha ya yasiyomo: "Mkataba huu hauhusu ujumbe wa simu, malipo kwa simu, wala kuhamisha kumbukumbu za miaka iliyopita." Ukiyataja, mteja atasema palepale kama alikuwa anayatarajia, na mazungumzo hayo mwezi wa kwanza ni mepesi. Andika pia kipimo cha kukubali kazi kwa namna inayoweza kujaribiwa mbele ya watu wawili. "Mfumo uwe rahisi" hakipimiki. "Mhasibu asajili mwanachama mpya na kuchapisha taarifa yake ya akiba bila msaada" kinapimika.

Weka na fomu fupi ya mabadiliko: kinachoombwa, sababu, fedha, siku, saini. Saini iwe ya mtu mmoja aliyetajwa kwenye mkataba. Mjumbe yeyote anaweza kuomba, lakini maombi hayawi kazi mpaka huyo mmoja asaini. Hata ukiamua kufanya nyongeza bure kwa ajili ya uhusiano, jaza fomu na uandike sifuri kwenye fedha, ili wajue wamepewa zawadi. Na malipo yagawe kwa hatua zinazoonekana, siyo kwa miezi: sehemu unapoanza, sehemu usajili na akiba vinapofanya kazi kwenye kompyuta yao, sehemu ya mwisho baada ya majaribio. Ukilipwa kwa hatua, kuchelewa kwa uamuzi wao kunaonekana mapema kwenye mfuko wako, nawe utauliza mapema.

Kuku 500: mradi unaishia wapi, biashara inaanzia wapi?

*Sisi ni chama cha kina mama, Nakuru. Tumejenga banda na kununua vifaranga 500 wa mayai. Pesa zimekwisha kabla kuku hawajataga na hatuelewi zilikoenda, kwa sababu banda halikuzidi bajeti.*

Mama mwenyekiti, banda halina kosa. Bajeti yenu iliishia mlangoni pa banda, wakati mradi unaishia siku kuku wanapoanza kutaga kiasi cha kujilisha. Kuanzia kifaranga hadi kutaga ni karibu wiki 18 hadi 20, na katika muda huo kila kuku anakula takriban kilo 7 hadi 8 za chakula. Kwa kuku 500 hiyo ni kilo 3,500 hadi 4,000, yaani magunia 70 hadi 80 ya kilo 50, bila chanjo na bila joto la wiki za mwanzo. Gharama hiyo yote ni ya kuanzisha, kwa hiyo ilitakiwa iwemo kwenye mchango wa kwanza au mkopo.

Fungueni daftari mbili. Moja ni ya kuanzisha: banda, vyombo, vifaranga, chakula na dawa hadi wiki ya 20. Hiyo ina mwisho na hufungwa. Nyingine ni ya kila siku: mayai, mauzo, chakula, wanaokufa. Zikichanganywa, mauzo ya kwanza ya mayai yataonekana kama faida, mtagawana, na fedha ya kununua chakula cha wiki inayofuata itakosekana.

Mheshimiwa anataka uzinduzi mwezi ujao

*Kamati yetu ya ujenzi huku Kitui inasimamia maabara ya shule. Michoro ya jengo haijakamilika, lakini tunasukumwa tuchimbe msingi ili uzinduzi ufanyike mwezi ujao. Fundi anasema msingi ni msingi tu.*

Msingi hubeba kile kilichochorwa juu yake. Ikiwa bado hamjui kama jengo lina ghorofa moja au mbili, matanki ya maji yatakaa wapi, na mabomba ya gesi na maji machafu yatapita wapi, mnachimba kwa kubahatisha. Maabara ndiyo mbaya zaidi kwa hili, maana mabomba mengi hupita chini ya sakafu, na sakafu ikishamwagwa kazi inakuwa ya kuvunja.

Mfano mkubwa wa kosa hili ni Jumba la Opera la Sydney, Australia. Serikali ya New South Wales ilisukuma kazi ianze Machi 1959, ikihofu kwamba mradi ungekosa kuungwa mkono baadaye. Wakati huo namna ya kujenga mapaa yake yenye umbo la magamba ilikuwa haijapatikana. Ilipopatikana, nguzo zilizokwisha kujengwa chini hazikutosha kuyabeba, ikabidi zijengwe upya. Makadirio ya kwanza yalikuwa dola za Australia milioni 7. Jumba lilifunguliwa Oktoba 1973 kwa gharama ya milioni 102.

Mpeni mheshimiwa cha kuzindua bila kugusa msingi: kusafisha eneo, uzio, bango la mradi, barabara ya malori, choo cha mafundi na stoo ya saruji. Kazi hizi zinahitajika kwa vyovyote vile. Na tangu siku hiyo wekeni kitabu cha maelekezo kwenye saiti, chenye nakala za kaboni. Fundi asitekeleze agizo la mwenyekiti, la mwalimu mkuu wala la mgeni wa heshima ambalo halimo kitabuni na saini ya msimamizi mmoja. Ukuta mmoja ukihamishwa kwa maneno ya mdomo, hakuna atakayekubali kuulipia.

Saruji inachelewa baharini

*Tunajenga zahanati Pemba na vifaa vinakuja kwa boti kutoka Dar es Salaam na Tanga. Safari moja mzigo ulifika baada ya siku 4, nyingine 6, na mara moja tulingoja siku 20. Kwenye ratiba niandike ngapi?*

Usiandike 6 kwa sababu ndiyo ya kawaida. Tumia makadirio ya namba tatu: siku za heri, siku za kawaida mara nne, siku za shari, jumlisha, gawanya kwa sita. Yako ni 4 + 24 + 20, jumla 48, kugawa kwa 6 ni siku 8. Njia hii ilienea kutokana na mradi wa makombora ya Polaris wa Jeshi la Wanamaji la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, na faida yake ni kwamba inalazimisha siku mbaya ihesabiwe badala ya kusahauliwa.

Lakini siku 8 ni wastani tu, haikulindi siku ile ya 20 itakapojirudia. Kwa hiyo fungua daftari la vihatarishi, na kila kihatarishi kiandike kwa sentensi kamili yenye sababu, tukio na matokeo: "Kwa kuwa upepo wa kusi huchafua bahari, boti inaweza kuahirishwa, na mafundi wa zege watakaa bila kazi." Mbele yake andika nani anafuatilia, dalili gani itamwamsha, na atafanya nini. Kwa saruji dalili iwe akiba: ikibaki mifuko inayotosha siku 10, agiza, usingoje ibaki ya siku 3.

Usiruke pia upande wa pili ukarundika saruji ya mradi mzima. Hewa ya bahari ina unyevu, na saruji iliyokaa zaidi ya miezi 3 hupungua nguvu hata kama mfuko haujafunguliwa. Ipange juu ya mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni, mbali na ukuta, isizidi mifuko 10 kwenda juu, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Mfuko wenye mabonge magumu yasiyovunjika kwa vidole usiende kwenye nguzo.

Nisome cheti gani?

*Nina shahada na nimefanya kazi na miradi ya kilimo miaka miwili, Morogoro.*

Cheti cha usimamizi wa miradi kiitwacho PMP, cha taasisi ya PMI ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1969, humtaka mwenye shahada awe na uzoefu wa miezi 36 wa kuongoza miradi, pamoja na saa 35 za mafunzo. Bado hujafika. CAPM ya taasisi hiyohiyo haidai uzoefu, ila saa 23 za mafunzo. Soma masharti kwenye tovuti yao kabla ya kulipa, kwa kuwa hubadilishwa. PRINCE2 ya Uingereza inafaa zaidi pale mwajiri anapoitumia. Ikiwa unataka kubaki kwenye miradi ya wilaya na vijiji, angalia kwanza kozi za Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, Dodoma. Katika miezi hii tunza kumbukumbu za kila mradi unaoongoza: tarehe, bajeti, wajibu wako. Utadaiwa maelezo hayo wakati wa kujaza fomu.

Mkandarasi anataka nisaini leo

*Mimi ni mwalimu mkuu, Mbeya. Mkandarasi wa bweni anasema amemaliza na anataka nisaini apate malipo yote. Milango miwili haifungi vizuri na sijui nikague nini kingine.*

Mwalimu, usisaini leo. Pita chumba kwa chumba pamoja naye na msimamizi wa kazi, mkiandika kasoro kwa chumba na mahali ilipo: "Chumba cha 3, mlango unagusa sakafu." Fungueni na kufunga kila dirisha na kila kitasa. Mwageni ndoo ya maji kwenye sakafu ya kila bafu muone kama yanaelekea kwenye tundu au yanatuama. Vuteni maji ya vyoo vyote kwa pamoja. Washeni taa zote usiku mmoja. Dari ziangaliwe baada ya mvua. Kama ni kiangazi, mwagieni maji juu ya bati kwenye maungio.

Kisha someni mkataba. Mikataba mingi ya ujenzi huzuia sehemu ya malipo, mara nyingi asilimia 5 hadi 10, na nusu ya fedha hiyo hutolewa jengo linapopokelewa, nusu nyingine baada ya kipindi cha matazamio cha miezi 6 au 12, ambacho mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro. Kasoro ndogo zinaweza kuandikwa na jengo likapokelewa kwa sharti la tarehe ya kuzirekebisha. Zinazohusu usalama, kama nyaya zilizo wazi au ufa kwenye nguzo, zimalizwe kwanza.

Siku ya makabidhiano dai funguo zenye lebo, mchoro unaoonyesha mabomba na nyaya zilikopita kweli, hati za dhamana za pampu na vitasa, na namba za rangi zilizotumika. Weka pia kwenye kalenda ya shule siku ya kukagua upya, mwezi mmoja kabla ya matazamio kuisha. Kipindi hicho kikiwa kimepitiwa na masika, paa na mifereji vitakuwa vimeshajieleza. Kasoro utakazoziona zimfikie mkandarasi kwa barua kabla tarehe haijapita, naye asaini nakala kwamba ameipokea.